Asilimia Sitini

Skellefteå, Januari, saa tatu asubuhi:
jua bado linabishana na misonobari
kama litoke au lilale tu.
Napasha chupa ya jeli kwa maji ya bomba,
nazima taa, nagusisha mashine chini ya titi la kushoto,
na moyo unajitokeza, wa kijivu,
ukipiga makofi gizani.

Ingegärd Sundqvist, miaka sabini na minne.
Amewapikia watoto wa shule viazi na samaki miaka thelathini.
Siku hizi akipanda ngazi tano husimama,
hujifanya anatafuta funguo.
Usiku hulala ameketi, mito mitatu mgongoni,
na viatu vinavyomwenea ni vya marehemu mumewe.
Daktari kijana anachungulia begani kwangu:
"Asilimia sitini. Unasukuma vizuri. Hakuna neno."

Hakuna neno!
Kutoa ni moyo, sawa, na huu unatoa.
Lakini usiangalie ngumi inapofumba, mwanangu,
angalia inapofumbua.
Presha ya miaka ishirini, sukari, unene
aliosemwa nao kila alipoingia humu,
vimeufanya ukuta mgumu kama mkate wa juzi.
Damu inafika mlangoni, inabisha hodi,
inafunguliwa upenyo,
inayobaki nje inarudi kusubiri mapafuni.

Evert Boström, arobaini na saba. Sitini na mbili.
Alikuwa kipa wa hoki.
Akiwa na miaka kumi na tisa tezi zilimvimba shingoni,
wakamchoma kwa mionzi, akapona, mji ukamshangilia.
Leo tumbo limemjaa maji na mishipa ya shingo imesimama.
Nyama ya moyo wake, nikiipima, bado ni laini;
ni mfuko unaouzunguka uliogeuka ganda.
Akivuta pumzi, ukuta wa kati unaruka
kama mtu aliyeitwa jina ghafla.
Huyu atapasuliwa, avuliwe lile koti.
Nasema "atapasuliwa" kana kwamba ni rahisi.

Saa nane, giza limeanza kurudi,
anaingia Hjalmar Öqvist na mkongojo wa mbetula.
Mikono alishapasuliwa yote miwili, ganzi ya viganja,
miaka saba kabla pumzi haijaanza kumkatika,
na hakuna aliyeunganisha nyuzi.
Baba yake hivyo hivyo. Shangazi yake.
Ugonjwa umepewa jina la mji wetu,
kama jibini au timu.
Ini linatengeneza protini, inajikunja vibaya,
inatuama katikati ya nyuzi za moyo,
na kwenye skrini ukuta unametameta
kama theluji chini ya taa ya barabarani.
Ni mzuri. Ningependa kutosema hivyo.

Hamsini na nane.
Daktari kijana safari hii ananyamaza, anavuta kiti.
Tunamweleza mzee: kuna vidonge sasa,
havikuwapo enzi za baba yako;
havitaikunjua iliyokwisha kujikunja,
vitaizuia ijayo.
Anaitikia kwa kichwa, anafuta jeli kifuani mwenyewe.

Kisha anatoa mfukoni kijiko cha mti,
amekichonga kwa vidole visivyohisi kisu.
"Chukua."
Namwambia sheria ya hospitali:
haturuhusiwi kupokea.
Ananitazama muda mrefu,
mkono wake ukiwa bado hewani.