Hewa ya Ua Wetu

Ülo aliinunua Kuressaare, mtumba,
kwa kikosi cha zimamoto kilichokuwa kikihama.
Ikaja nyuma ya gari imefunikwa blanketi kama mgonjwa.
Kilo arobaini na mbili, vishikio viwili, pistoni tatu,
kila moja ndogo kuliko mwenziwe,
ya mwisho nene kama kidole changu cha gumba.
"Hiyo ndogo," akasema, "ndiyo yenye kazi."
Nikamtazama. Mfupi wa nyumba hii ni mimi.

Tangu hapo kila kitu bandani kimejua nafasi yake:
baiskeli nje, viazi pembeni,
na mimi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
saa ya jikoni mapajani, ile yenye umbo la jogoo.
Kila dakika kumi jogoo analia,
nafungua vali, maji yanaruka — tfuu! —
meupe, yenye mafuta, jasho la hewa iliyobanwa.
Nisipoyatoa yatamfuata huko chini, kifuani.
Hamsini. Themanini. Mia na ishirini.
Haba na haba, na kibaba chenyewe cha chuma.
Mtungi unapanda homa; naupima kwa kiganja
kama nilivyowapima watoto.

Sijui kuogelea.
Bahari yetu ni ya baridi, chumvi yake ya kubahatisha,
mchuzi wa hospitali,
na chini yake, anasema Ülo, kuna meli ya mbao
imelala nzima, maana hakuna mdudu wa kuila.
Huenda kuitazama tu. Haleti kitu.
Hurudi midomo imegeuka buluu, ameridhika, anadai supu.
Miaka thelathini na moja nimempikia anachokula.
Sasa nampikia na anachovuta.

Mdomo wa kunyonyea tumeupandisha kwa bomba
hadi juu ya paa, usawa wa mtufaha.
Ndani ya chujio kuna mkaa.
Mkaa! Ule ule unaoua waliolala na jiko chumbani,
hapa tumeuajiri ulinzi.
Ila mlinzi huyu anategemea pua:
kisicho na harufu
kinampita getini huku kikimwamkia.

Jumamosi moja ya Agosti upepo uligeuka.
Sikuona. Nilikuwa nahesabu: mia na sabini, mia na tisini.
Nikatoka kunyoosha mgongo
nikakuta moshi wa sauna ya Endel umelala juu ya paa letu
kama paka aliyepata kiti.
Nikazima. Nikaufungulia mtungi wote.
Umewahi kusikia dakika ishirini na tano
zikirudi zilikotoka kwa mkupuo?
Vali ikaota barafu, kiangazi kile.
Mbwa wa Endel hakuonekana hadi usiku.

Ülo alitokea, suti ya mpira imefika kiunoni.
"Ulikuwa umejaa."
"Umejaa," nikasema, "sijui umejaa nini."
Akaivua, mguu mmoja, kisha wa pili.
Chakula cha mchana tulikula tukitazama chumvi.

Jumapili, kabla jiko lolote halijawashwa kijijini,
nikaanza upya. Upepo wa magharibi.
Jogoo akalia mara tatu.
Sikumkana mtu; niliandika tu kwenye mkanda wa karatasi:
*mia mbili, safi, V.*
nikaubandika shingoni mwa mtungi.

Alipoibuka alitoa kile kidude kinywani,
akasimama majini hadi magotini, anatetemeka.
"Mita kumi na nane," akasema. "Nimenusa nyasi.
Zile alizofyeka Maimu jana."
Kisha akanyamaza; si mtu wa maneno mengi.

Mtungi ulirudi na arobaini ndani yake.
Alipokwenda kubadili nguo niliulegeza kidogo,
nikaweka pua.
Si nyasi, si tufaha, si mkate mweusi wa jirani.
Mkaa ulikuwa umefagia kila kitu.

Mwongo mkubwa.
Nikamwongezea supu, ile ya chini, yenye nyama.