Hesabu ya Sahani

Shangazi Zamzam kanipa daftari na kalamu isiyo na kifuniko:
"Andika watu wa arobaini. Sahani zikipungua
tumeaibika Kibos nzima."

Nikaanza na wa hapa, wa nyuma ya reli:
hamsini na saba, ukimtia Marjan,
ambaye hali kwa watu lakini hubeba.
Wa Kibigori, gari moja, watoto mapajani.
Wa Bombo walilala Busia,
maana karani wa mpaka hakuelewa
vipi watu kumi na mmoja, majina ya baba mbalimbali,
wanadai msiba mmoja.
"Ni bibi," walimwambia. "Bibi wa wote."
Jibu hilo halina mhuri.

Wa Arua wametuma simsim.
Wa Juba wametuma sauti, dakika nne:
tatu za kilio, moja ya jenereta.
Rehan, aliye Bergen kwenye theluji, anauliza
kama bado tunafunika gurusa kwa tabaga ile nyekundu.
Tunafunika. Panya kaila pembeni.

Nimwandike wapi babu wa babu,
askari aliyekuja na bunduki si yake,
akaambiwa vita vilipokwisha: kaa hapa kwanza?
Hiyo "kwanza" ina miaka mia na ushei.
Tumezaa ndani yake, tumezika ndani yake,
ndani yake tumepanga foleni ya kitambulisho
na kijana mwenye tai, rika la mdogo wangu,
akatuuliza: kwenu hasa ni wapi?

Nilifika mia mbili na nne, nikapotea,
nikarudia, nikapata mia na tisini.
Mama Akoth wa ng'ambo ya mtaro hakuwamo daftarini.
Alikuja na sufuria mbili na sahani za chama,
akavua viatu, akashika kisu cha vitunguu.

Zilipungua, bila shaka.
Watoto walilia vifuniko vya sufuria,
wa Busia wakazunguka sinia moja,
mikono kumi na mmoja, wali ukawaka mvuke.
Shangazi hakuaibika. Alinitazama tu.

Jioni nikamkuta Marjan nje ya geti
akifunga bakuli kwa kanga ya marehemu,
fundo juu ya fundo.
"Dereva wa basi namjua. Alfajiri yuko Bombo.
Kuna dada yake bibi, miguu imekataa."

Nikafuta, nikaandika: moja zaidi,
nayo itapita Busia usiku, ya moto bado,
bila kuulizwa jina la baba yake.