Njukuti Arubaini na Moja

Walipiga simu kutoka Chake:
leteni vipimo vya miguu ya mayatima,
viatu vinakuja.
Utepe wangu wa cherehani umefutika tarakimu,
basi nikafungua ufagio, mpya, wa juzi,
nikaanza na Chumu.

Simama wima, mwanangu. Kisigino ukutani.
Nikalaza njukuti chini ya unyayo,
nikaivunja penye kidole gumba.
Ta.
Nikaifunga uzi na jina, kwenye kipande cha boksi la sabuni.
Chumu Haroub. Mize wa marehemu Time.
Shaame, ambaye babake yu hai ila hajulikani aliko,
na fomu haina kisanduku cha baba wa namna hiyo.
Nikamtia. Nani ataniuliza?

Hapa Maziwang'ombe ardhi ni jiwe, na jiwe lina meno.
Mtoto huliendea chuoni, huliendea skuli,
hulifuata mpaka kwa mama anayeligonga kokoto.
Nilipoinama nikasoma nyayo kama daftari la madeni:
hili kovu la chupa,
hili la siku ya mvua, alipoteleza na ndoo kichwani,
hivi vidole vilivyotawanyika kama vya bata
havijapata kuambiwa vikae pamoja.

Njukuti arubaini na moja
zikaenda Chake ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Mimi nikafagia ua
na ufagio wenye nywele chache kama kichwa cha mtoto mchanga.

Karafuu zikachumwa, zikaanikwa, zikauzwa.
Ramadhani ikaja, ikaondoka.
Sikukuu watoto wakasali peku.
Tukasahau, kisha tukaona haya kwamba hatujasahau.

Gari jeupe likafika mwezi wa pili wa mwaka wa pili.
Kila boksi na jina lake,
kila jozi sawasawa na njukuti yake.
Hawakukosea hata mmoja.
Miguu ndiyo iliyokosea.

Mgeni akainua kamera.
Chumu akasukuma, akakunja vidole,
akatabasamu kwa uchungu,
na picha ikatoka nzuri mno.

Gari halijamaliza kona,
Bi Raya, mshika ufunguo wa pili wa sanduku letu la hisa,
akapiga makofi: Vueni! Vueni nyote!
Tukawapanga barazani, mkubwa hadi mdogo.
Vya Shaame akavaa Chumu,
vya Chumu akavaa Mize,
vikashuka hivyo, mguu kwa mguu,
hadi jozi ya mwisho, ndogo kama maganda ya kungumanga,
ikamfika mtoto wa Nassor
ambaye siku ya kupima hata dede hajasimama.
Akavitazama. Akakaa chini. Akaanza kuvitafuna.

Juu ya mstari akabaki Shaame, peku.
"Mimi mkubwa," akasema. "Jiwe linanijua."
Ana miaka kumi na tatu.

Hakuna aliyemjibu.
Makufuli matatu yakafunguliwa siku isiyo ya kikao;
pesa za kamba za mwani zikapanda gari la Konde,
zikarudi makubadhi, harufu ya ngozi bado mbichi.
Katibu hakujua aandike nini kwenye safu ya "mkopaji".
Akaandika: Sisi.

Jana wamepiga simu tena.
Nimenunua ufagio.
Kila njukuti sasa naivunja chanda kizima mbele ya gumba,
pale ambapo mguu bado haujafika.
Kijana wa simu akashangaa, mbona watoto wenu wana miguu mirefu?
Nikamwambia, baba, nimepima na kungoja.

Njukuti moja bado iko mezani, kando ya cherehani.
Ya Shaame.
Nimeishika asubuhi, nimeishika adhuhuri.
Sijui niivunje wapi.