Nakala ya Tisa

Picha yenyewe sijawahi kuiona.
Nilicho nacho ni ukurasa wa kalenda, mwezi Agosti,
umetafunwa na panya pembeni,
na chini yake maneno ya Kihispania
yanayotaja, labda, jina la mchoraji,
au la ng'ombe.

Bwana Majinge anataka kumi na mbili,
moja kwa kila chumba cha hoteli yake kule Capripoint.
"Zifanane," kasema, "kama bia za kreti moja."
Kalipa nusu. Nusu nyingine ni maneno.

Naanza na mchanga, ule wa manjano,
mviringo kama ungo.
Kisha watu, nukta nukta za vichwa,
maana huko jukwaani hakuna mwenye uso.
Kisha kijana wa suti ya kumetameta,
kiuno chembamba, soksi za waridi,
amesimama kama anayepimwa na fundi cherehani.

Kitambaa chake ndicho kinachonimalizia hela.
Nyekundu ya dukani ilikwisha kwenye nakala ya nne,
nikashuka Mwaloni kwa wapaka mitumbwi,
wakanimiminia robo kopo, nyekundu ya ubavuni,
isiyoogopa maji.
Ilinuka dagaa hadi ilipokauka.
Mvua ikikaribia, bado inanuka.

Fahali huwa wa mwisho.
Mweusi, shingo imeinama,
vijiti vya rangi vimechomekwa mgongoni
kama mishumaa kwenye keki ya kuagana.
Wa kwanza, sawa. Wa tatu, wa sita, wa nane, sawa.
Mkono ulishaijua njia,
mimi nikawa nasikiliza redio.

Wa tisa akaota nundu.

Sikupanga. Brashi ilipanda begani
ikachelewa kushuka.
Nikarudi nyuma hatua mbili, nikamtambua:
Meneja,
maksai wa baba kule Kwimba, si fahali hata kidogo,
pembe moja ikitazama chini,
sugu ya nira shingoni.
Alilima pamba misimu sita
na Jumatano moja akapelekwa mnadani
ili mimi nikasomee kupaka rangi.
Hakuvutana na mtu. Aliifuata kamba
kama anayeitwa ofisini.

Bwana Majinge akazipanga ukutani, akahesabu,
kwenye ya tisa akasimama.
"Huyu ana nini mgongoni?"
"Nundu."
"Hispania wana nundu?"
"Sijafika."
Akanirudishia, akakata hela yake,
nikapanda naye kwa miguu hadi Mabatini,
nimembeba kichwani kama meza.

Sasa yuko sebuleni, juu ya televisheni.
Mwezi uliopita baba alikuja kutibiwa macho Bugando,
akaketi karibu kabisa na picha, kikombe cha uji mkononi,
akauliza yule kijana ana ugomvi gani na ng'ombe.
Nikasema, ni mchezo, baba.
Akauliza, na ng'ombe kaambiwa?
Akauliza upanga gani ule, mwembamba hivyo,
na mnyama akishaanguka
shingo anapewa nani,
maini wanakula akina nani,
ngozi inabaki kwa nani.
Sikuwa na jibu.
Kalenda yangu haina Septemba.

Usiku umeme ukakatika.
Nikasikia kiti kikiburuzwa, kisha kimya,
kisha ule mluzi mfupi wa kati ya meno
ambao sijausikia tangu tulipokuwa na zizi.

Asubuhi alishaondoka kuwahi basi.
Nyeusi nene huchelewa kukauka;
juu ya nundu pana alama ya kidole gumba,
pale pale mtu anapomkuna maksai
anapomfungua nira.

Sijaiziba.
Bwana Majinge bado anadai nakala yake moja.