Pua ya Kukodi

Kibanda changu ni futi nne kwa sita,
ngazi ya pili, jengo moja la Luthuli,
kati ya fundi wa zipu na muuza kava za simu.
Chupa mia na arobaini nimezipanga kwa herufi,
si kwa harufu.
Harufu iliniaga mwaka ule wa homa,
ikatoka bila kufunga mlango.

Nilijaribu mvuke, nikajaribu limau la kuchoma,
nikaitafuta pua yangu kwa udi na uvumba:
nikauchoma udi, nikauchoma uvumba,
macho yakatiririka, pua ikanyamaza
kama mdaiwa aliyesikia hodi.

Sasa nauza kwa macho.
Nachota kwa bomba la sindano,
shilingi thelathini kila mililita
ya jina kubwa la Paris
lililosafiri kwa dumu kutoka Eastleigh,
kisha nautazama uso wa mteja.
Nyusi zikipanda, napunguza.
Macho yakifumba, nataja bei.

Kwamboka wa benki hununua tano kila Jumatatu.
Bosi wake anayo ile ya dukani, yenye sanduku,
lakini ndani ya lifti, asema, pua haisomi risiti.
Barasa, bawabu wa Upper Hill, hujipaka kabla ya zamu.
Nani atakunusa saa nane usiku? nilimuuliza.
Mimi, akajibu. Mimi nitakuwepo.

Siri yangu anaijua Lemayian peke yake,
kijana wa kava za simu.
Nimeikodi pua yake, hamsini kwa siku na chai.
Dumu likifika namwita, anainama, anaamua:
"Hii ni daftari jipya, muhula wa kwanza."
"Hii ni ofisi ya hedimasta."
"Hii ni shangazi anashuka basi la Kisii,
bado hajakuuliza utaoa lini."
Nami naandika kwenye lebo:
Mbao Changa. Ngozi na Busara. Waridi la Jioni.
Yeye husema kweli, mimi huipa jina.
Faida iko hapo katikati.

Mwezi wa saba akaja Musyimi.
Alisimama mbali na kaunta,
kama mtu aliyezoea kuachiwa nafasi.
Kazi yake ni mochari, kuosha walionyamaza.
"Nataka kitu kisicho ua," akasema.
"Waridi kwangu ni shada. Asumini ni shada.
Nimemaliza sabuni za kila rangi,
na bado nikifika nyumbani
mwanangu hunisalimu kwa mkono ulionyooka."

Nikautazama uso wake nisome.
Ulikuwa ukuta uliopakwa chokaa.
Lemayian alikuwa ameenda kula.
Ningesema ngoja. Sikusema.
Nikachota gizani: ndimu kidogo,
majani ya chai,
na kitu kwenye chupa isiyo na lebo
ambayo nilikuwa nikiahidi kuitupa tangu Pasaka.
Nikatikisa, nikampa, nikapokea mia tatu.
Usiku ule nilihesabu mauzo mara mbili
na mara zote mbili nikaikosea ile mia tatu.

Akarudi Jumamosi.
Nilikuwa nimeshaziweka pesa zake kando.
"Ile," akasema, "ina nini?"
"Kwani imefanya nini?"
Akatazama kiatu chake.
"Mtoto alilala hapa," akajigusa kifua.
"Akaniuliza kama nimetoka sokoni."
Alitaka chupa mbili.

Ile isiyo na lebo ilikuwa imeisha.
Nikamwita Lemayian anuse kizibo.
Akanusa. Akanusa tena.
Kijana ambaye hajawahi kukosa neno
akakikodolea macho kile kizibo.
"Ni kama... sijui, mathe.
Kama mtu ametoka sasa hivi
na kiti bado kina joto."

Nikakichukua, nikakipeleka puani,
mazoea tu,
Musyimi akinitazama, noti zimekunjwa mkononi,
nikavuta pumzi ndefu
kama anayejua.