Sikio la Amedeo

Amedeo wa Monzani, macho yalishazimika,
Kiti kaweka uani, pale uzio wafika,
Kahawa i kikombeni, kwa kishindo yamwagika,
Hutaja aliye ndani, gari halijachomoka.

Gia zote alijua, asimuulize mtu,
Mlio ukipasua mialoni ya msitu,
"Huyu tairi aua," asema, "bado mitatu."
Mara moshi kuchanua, na ukelele wa watu.

Mwaka huu ni sheria: nusu ya nguvu umeme,
Mwili wamepunguzia, mizani ndiyo iseme,
Mabawa hujilalia, na konani yasimame.
Naye akasikizia: "Moto mbona wauzime?"

Wa kwanza akakosea. Wa pili akawa, "Eti?"
Kona inapotokea, betri yala sauti.
Iride alimwendea, akampigia goti:
"Babu, utayazoea." Naye kimya kama nati.

Raundi kumi na tisa, kanyanyua fimbo yake:
"Kila dereva, kabisa, ana kimya chake peke.
Huyu breki hugusa kabla ya wenzi wake."
Akataja, hakukosa, kahawa isimwagike.