Matofali Mawili

Miaka kumi na moja nabeba asidi
kutoka Kasumbalesa hadi viwanda vya Likasi.
Naijua. Haina rangi, haina haraka.
Tone moja liliangukia kiatu cha Kapend, tandiboi wangu,
tukiwa katikati ya habari za mpira.
Alicheka, akainama kutazama,
na soksi haikuwepo tena.

Kwa hiyo usiku ule moto ulipopanda
kutoka chini ya mbavu hadi kooni,
ukaniachia mdomoni ladha ya waya wa shaba,
sikumwamsha Godelieve.
Nilikaa ukingoni mwa kitanda, Katuba yote giza,
jirani anakohoa,
nikajiambia: basi, imeingia.
Imepita puani, safari kwa safari,
sasa tangi ni mimi mwenyewe.

Nikaanza kuhesabu.
Mahari ya mdogo wangu, imebaki nusu.
Mabati ya jikoni.
Ada ya Mwaluke, muhula wa tatu.
Nikaandika nyuma ya daftari la mazuti
nani ananidai, namdai nani,
herufi zikilala upande kwa sababu ya mshumaa.

Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi,
kalamu ameichomeka katika nywele.
Alisikiliza mapafu. Akabonyeza tumbo.
Nilimweleza habari zote za asidi, hata soksi.
Akauliza: "Na unakunywa nini?"

Mimi? Pombe niliacha tangu ubatizo wa Mwaluke.
Mimi nakunywa vitu vya afya.
Alfajiri, kabla ya kutia chochote tumboni,
ndimu mbili ndani ya kikombe, bila sukari,
maana dereva mmoja wa Kolwezi alisema zinasafisha damu.
Njiani soda ya chungwa, nisisinzie.
Kwenye mzani, maracuja ya yule mama,
ile inayokunja uso mpaka masikio.
Usiku bukari, samaki katika nyanya nyingi,
kisha munkoyo wa siku tatu, unaouma ulimi,
kisha kulala hapo hapo. Chali.

Kalamu ilitoka katika nywele.
Alichora mfuko, na juu yake kamlango ka nyama.
"Haka kakilegea, cha chini kinapanda.
Koo linachubuka.
Halafu wewe asubuhi unakuja na ndimu
unaikamulia penye mchubuko."
Akanitazama.
"Papa Numbi, gari lako halivuji.
Wewe ndiye unayejijaza."

Nilitoka na aibu ya mtu
aliyeita zimamoto
kwa moshi wa sigara yake mwenyewe.

Hakusema ndimu ni sumu.
Mama yangu aliinywa hadi kaburini, hakuwahi kushika kifua.
Alisema koo ni langu, nilisikilize mimi.
Nile mapema. Ninywe maji.
Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa.

Godelieve aliokota matofali mawili
kwenye ukuta tusioumaliza,
akayasukuma chini ya miguu ya kitanda, hakusema neno.
Sasa mimi nalala kama mtu anayesubiri basi,
na yeye kila usiku anateleza.
Alfajiri namkuta chini kabisa, vidole vikigusa sanduku,
amejikunja na blanketi lote.
"Umepona?" ananiuliza kutoka huko mbali.
Kidogo, namwambia.
"Kidogo ni tofali ngapi?"

Siku nyingine moto unarudi.
Siku hizo najua nilifanya nini, na saa ngapi.

Jana kwenye mzani nilinunua maji.
Mama wa maracuja aliniangalia kama mtu aliyeachwa.
Miaka yote hii, na leo chupa ya maji?
Ningeanzia wapi kumweleza kamlango ka nyama,
foleni ya malori nyuma yangu ikipiga honi?
Nikalipa glasi moja, kubwa, nikampa Kapend.

Aliinywa yote akiwa amesimama
karibu na valvu niliyoikaza mara mbili.
Akafumba jicho moja.
Akatikisika kidogo, mabega tu.
"Tamu," akasema,
na mate yakanijaa mdomoni.